Hapa ni pa Sumina

Ulikuwa mwaka 2012. La, nisiseme uongo na mvi hizi zote kichwani: 2012 ni ule mwaka mto ulipobeba daraja la zamani la Adumkrom pamoja na mbuzi wa mchungaji. Haya yalitokea 2013, umeme ulipokuwa ukija na kuondoka kama mgeni asiyejua kama amekaribishwa. Ndivyo ninavyoukumbuka, kwa sababu binti aliyechora ramani alikuwa akilalamika kila siku kwamba mashine yake imezimika, na ramani ile ndiyo iliyoleta mambo yote haya.

Yaw Sumina alikuwa mtu wa miaka hamsini na tano hivi, mwembamba, mwenye chale tatu katika kila shavu. Kazi yake ilikuwa kuzoa taka za mji kwa pikipiki ya magurudumu matatu yenye tela nyuma, ile wanayoiita aboboyaa. Na jina lake Sumina, kwa lugha ya kwao, maana yake ni jaa. Watu wageni hucheka: mzoa taka aitwaye Jaa! Wanadhani ni utani wa mtaani. Sivyo. Jina lilitangulia, kazi ikafuata.

Kabla yake mama yake, Afrakoma, alizaa watatu, na hapana hata mmoja aliyefika siku ya nane. Kule kwao, zamani hizo, mtoto asiyefika siku ya nane hajawa mtu bado. Ni mgeni tu aliyechungulia mlangoni, akaona nyumba haimpendezi. Haliliwi, hawekewi tanga, hatajwi jina kwa kuwa hana. Vikongwe humtia katika chungu, wakampeleka jaani. Baba na mama huvaa nguo nyeupe, wakapaka udongo mweupe mikononi, wakala supu ya karanga, wakacheka. Nao hucheka kwa nguvu, majirani wasikie, ili yule mgeni ajue kwamba hakuwaumiza, asipate raha ya kurudi kuwachezea tena.

Huyo wa nne alipozaliwa, Afrakoma hakungoja vikongwe. Alimbeba mwenyewe akamlaza juu ya jaa angali hai, akaondoka bila kugeuka. Jirani aliyekwisha kuagizwa akamwokota, akapaza sauti, "Nani kaacha takataka zake hapa?" Afrakoma akarudi akamnunua kwa bei ya gunzi la hindi. Wakamchanja mashavu apunguke uzuri, wakamwita Sumina, ili kifo kikija kutafuta mtoto kikute takataka. Kikaja, kikatazama, kikapita.

Basi alikulia nyumba ile iliyopakana na jaa. Kila asubuhi mama yake alikuwa akipeleka majivu ya jikoni, na kila alipofika ukingoni alisimama, akasema, "Agoo!" Hiyo ndiyo hodi ya kwao. Husemi agoo ila mlangoni mwa mtu.

"Mama, kule kuna nani?" mtoto aliuliza siku moja.

"Kuna majivu."

"Majivu nayo hubishiwa hodi?"

"Nenda kachote maji."

Hakuuliza tena. Yaw alipooa, baraza la mji lilikuwa linajiandaa kufungua jaa jipya ng'ambo ya mto, na miaka michache baadaye lile la zamani likaachwa. Likaota migomba na magimbi, kwa kuwa hakuna udongo wenye rutuba kama wa jaani. Majani yake ya magimbi yalikuwa mapana hata mtu angeweza kujikinga mvua. Watu walikuja kuyachuma. Afrakoma hakuyatia chunguni mwake hata siku moja, mpaka alipokufa, miaka saba kabla ya habari hizi. Waliozaliwa baadaye hawakujua kwamba pale paliwahi kuwa jaa. Kwao ilikuwa bustani ya migomba, basi.

Mwaka huo ikaamuliwa nyumba ya makumbusho ijengwe Adumkrom, kwa ajili ya viti vya wazee, ngoma, na nguo za kusuka zilizokuwa zikiliwa na nondo katika masanduku ya watu. Akaja binti mmoja wa kabila la Ga kutoka Accra, jina lake Dedei. Kazi yake haikuwa ukuta wala paa. Kazi yake ilikuwa kujua magari yatapita wapi na takataka zitakwenda wapi. Mtu unaweza kudhani hiyo ni kazi ndogo, lakini jaribu wewe kuleta lori refu lililobeba ngoma ya miaka mia mbili katika njia panda ya Adumkrom siku ya soko.

Dedei alimtafuta Yaw, maana nani mwingine angejua mambo ya taka? Siku tatu walikaa njia panda chini ya mwavuli wa muuza vocha, binti akipiga vistari daftarini: kistari kwa lori, kistari kwa teksi. Baada ya hapo wakaja kwenye taka.

"Mzee Sumina, watu mia tano wakija kwa siku moja, wataacha taka kiasi gani?"

"Wanakuja kufanya nini?"

"Kutazama."

"Kutazama tu? Hawali?"

"Watakula kidogo. Watakunywa maji."

Yaw akafikiri. "Basi hiyo ni nusu msiba."

"Nusu nini?"

"Msiba, binti yangu. Msiba mkubwa wa Jumamosi, wenye viti vya kukodi na maspika, mimi huzoa matela sita. Mifuko ya maji peke yake matela mawili. Marehemu kama alikuwa mkorofi, matela manne, watu huwahi kuondoka. Hao wako wa kutazama, andika matela matatu. Nusu msiba."

Dedei aliandika vivyo hivyo, kwa kuwa hakuna aliyekuwa na kipimo bora. Wiki iliyofuata mkubwa wake akampigia simu kutoka Accra, sauti ikasikika mpaka kwa muuza vocha: "Dedei, huko mnajenga makumbusho au makaburi? Kila ukurasa misiba!"

Walicheka sana siku hiyo. Konadu, mke wa Yaw, aliwaletea pale njia panda fufu na mchicha. Dedei akauliza mbona hapa kwenu sijapata supu ya karanga, nasikia Waashanti ndio wenyewe. Konadu akasema, "Mimi siipiki." Yaw akaanza kuzungumzia bei ya matairi.

Ilipofika Ijumaa watu wote waliitwa uwanja wa shule kuonyeshwa ramani. Turubai lilifungwa, ramani ikatundikwa, Dedei akasimama na kijiti chake. Kitwi chake, lugha ya wenyeji, kilikuwa cha kuungaunga, lakini alijitahidi.

"Malori yataingia huku, yatageuka hapa, yatatokea kule, watoto wa shule wasisumbuliwe. Na takataka zote zitakusanywa hapa," kijiti kikagonga, "mahali ambapo ni jaa tangu zamani. Hapa tutavunja kila kilichopo, tuweke mapipa na ukuta."

Watu walinyoosha shingo. Mama Pokuaa, muuza kenkey za mahindi, ndiye aliyeona kwanza.

"He! Si kwa Yaw hapo? Madam, jaa lako limekaa mstari wa mbele, limevaa shati!"

Kicheko kikapasua turubai.

"Tena jaa lina mke!" akadakia mwingine.

"Na mke ana jiko!" Konadu alikuwa amekwisha simama, mikono kiunoni. "Madam, mimi nimekupikia, ukala ukalamba vidole. Ulikula jaani? Futa hiyo!"

Dedei alishusha kijiti kwa aibu. "Jamani, nisameheni. Niliuliza hapa ni wapi, nikaambiwa hapa ni pa sumina. Nikaandika jaa."

"Ni pa Sumina, ndiyo! Sumina mwenyewe si huyu!"

Wakacheka upya, hata Dedei akacheka, akatoa kalamu. "Basi haina shida. Tunasogeza kidogo tu. Nyuma ya nyumba ya mzee kuna ile bustani ya migomba, hakai mtu. Tutachimba mita tatu, tutamwaga zege, mapipa yatakaa hapo, na malori ya taka yatageukia juu yake."

Watu walipiga makofi. Konadu akaketi, akijipepea na ncha ya kanga. Hapo ndipo Yaw aliposimama.

"Ngoja kwanza, binti yangu."

"Nini, mzee?"

Aseme nini? Wale hawatajwi. Kuwataja ni kuwaita, na kuwaita ni kuwaambia kwamba waliumiza. Mstari wa nyuma vikongwe watatu walikuwa wakitazama miguu yao.

"Nipeni mpaka Jumatatu," alisema.

"Lakini nimekwisha kufuta, nyumba yako iko salama."

"Usifute. Nimesema Jumatatu."

Nyumbani Konadu hakungoja mlango ufungwe.

"Umelogwa wewe? Nyumba tumeijenga upya tofali moja moja, kwa kuzoa taka na maganda ya watu, miaka thelathini! Madam mwenyewe kaomba radhi, mji mzima umecheka, yameisha. Na wewe unaomba siku mbili ufikirie kama utaiacha?"

"Kula kwanza."

"Sili. Kuna nini kwenye hiyo migomba? Umezika dhahabu?"

"Hakuna kitu."

"Basi wachimbe!"

Yaw alinawa, akala peke yake. Watoto wao watatu wakubwa wako Kumasi na maisha yao. Kila mmoja alipigiwa simu usiku uleule, na kila mmoja alimwambia baba yake maneno ya mama yake.

Jumapili, watu walipokuwa kanisani, Yaw alikwenda ukingoni mwa migomba. Alikuwa akipita pale kila siku ya maisha yake, lakini tangu mama yake afe hakuna aliyebisha. Alivua ndala. Udongo ulikuwa wa moto. Si moto wa jua, maana pale hapaingii jua. Lilikuwa joto la ndani, kama tumbo la mtoto aliyelala. Miaka thelathini hapajatupwa hata ganda, na bado hapajapoa.

"Agoo," akasema polepole.

Kutoka kanisani uliletwa na upepo ubeti wa wimbo, ukakatika. Jani moja la gimbi likamwaga maji yake. Halafu akasikia, au alisema baadaye kwamba alisikia, mlio mdogo chini ya miguu yake, kama kifuniko cha chungu kinachorudishwa vizuri mahali pake. Hakukimbia. Lakini alirudi na ndala mkononi, na hakuzivaa mpaka alipofika barabarani.

Alikwenda moja kwa moja hadi nyumba ya wageni. Dedei alikuwa barazani anakula wali na maharagwe kwenye jani.

"Karibu, mzee. Umekuja kuniambia nifute?"

"Nimekuja kuuliza. Siku ile uliambiwa hapa ni pa Sumina. Nani alikuambia?"

"Mama yule wa nyumbani kwako."

"Konadu?"

"Hapana, Mama Konadu ningemjua. Ilikuwa siku yangu ya kwanza, Jumatano, kama saa saba mchana. Nyumba ilikuwa kimya."

Jumatano ni siku ya soko. Konadu alikuwa sokoni, na Yaw alikuwa ng'ambo ya mto na tela lake. Hapakuwa na mtu.

"Alikuwaje?"

"Bibi kizee, mfupi, kajifunga nguo nyeupe. Mikononi hapa kapaka chokaa, nikadhani ametoka kuabudu. Kabeba sinia la majivu. Ananukia karanga za kukaanga, nikasema moyoni, leo hapa wanakula vizuri." Dedei akatabasamu. "Nikamwuliza, bibi, hapa ni wapi? Akasema, 'Hapa ni pa Sumina. Andika.' Alisimama mpaka nikaandika. Halafu akanyoosha kidole kwenye migomba. 'Na kule umeandika nini?' Nikamwambia, bustani. Akasema, 'Vizuri. Iache iwe bustani.'"

Yaw alisogea karibu.

"Kisha?"

"Kisha akacheka. Nikacheka na mimi, kwa adabu. Lakini yeye hakuacha. Alicheka kwa nguvu, mzee, kwa nguvu mno, kama anayetaka asikike mbali. Nikaona nisimsumbue, nikaenda zangu. Ni mama yako?"

"Kula, binti yangu," alisema Yaw. "Chakula kitapoa."

Alipofika nyumbani Konadu alikuwa akichambua mchicha uani, kampa mgongo. Yaw akavuta kigoda akakaa nyuma yake, kwa kuwa kuna maneno hayasemeki uso kwa uso.

"Konadu. Yule wetu wa kwanza."

Mikono yake ikasimama. "Usiseme."

"Mama alikuja na chungu."

"Nimesema usiseme, Yaw! Hawatajwi!"

"Sikuwahi kukuambia alikipeleka jaa lipi. Hukuuliza, na mimi ndivyo nilivyofundishwa. Wale wangu watatu wa kabla yangu, na huyo. Wako kwenye migomba. Ndiko wanakotaka kuchimba."

Kuku alikuja akala mchicha uliodondoka, hakufukuzwa.

Konadu alikuwa na miaka kumi na tisa wakati ule. Walimvika nguo nyeupe, wakamwekea bakuli la supu ya karanga, wakamwambia, kula, cheka. Alikula. Alicheka. Maziwa yalikuwa yakimtoka chini ya nguo nyeupe, naye anacheka. Tangu siku hiyo karanga hazikuingia jikoni mwake, na watu wakamwita mvivu wa kusaga.

"Miaka yote hii," alisema mwishowe, "nimekuwa naanika nguo pale ukingoni."

"Ndiyo."

"Upande gani?"

"Sijui. Hawakuwa wakisema."

Konadu aliosha mikono, akainuka, akaanza kutoa mafiga jikoni, moja baada ya jingine, akayapanga karibu na mlango wa nje.

Jumatatu uwanjani, Yaw alipotaka kusimama Konadu alimvuta shati, akasimama yeye.

"Madam, ramani yako iko sawa. Pale petu ni jaa. Tulijenga juu ya jaa, ujinga wa ujana. Vunja. Hiyo bustani iache iwe bustani."

"Mama Konadu!" Pokuaa alipiga mkono kifuani. "Ijumaa ulitaka kumng'oa madam meno. Leo una wazimu gani?"

"Wazimu wangu. Unaukodi?"

Watu hawakujua wacheke au wamshike. Basi yeye mwenyewe akacheka, kichwa nyuma, kwa nguvu, uwanja mzima ukasikia. Vikongwe wa mstari wa nyuma nao wakaanza kucheka, mmoja, wa pili, wa tatu, huku machozi yakiwatiririka, na vijana wakatazamana. Yaw akaweka dole gumba penye karatasi ya kukubali nyumba ivunjwe. Dedei hakuelewa kitu, lakini aliandika alichoambiwa. Jioni hiyo katika nyumba ile ya mafiga yaliyotolewa, juu ya moto wa kuazima, palipikwa supu ya karanga.

Nyumba ilivunjwa mwezi uliofuata. Wakapewa kiwanja kando ya barabara ya Kumasi, mahali penye vumbi, na Konadu mpaka leo analalamikia vumbi lile, lakini kuhusu nyumba halalamiki. Makumbusho yalijengwa, ngoma zikaingia kwa lori refu lililogeuka pale pale lilipopangiwa, na taka za siku ya ufunguzi zilikuwa matela matatu kamili, nusu msiba, kama alivyosema. Yaw alipewa kazi ya kulinda uwanja wa mapipa. Kwa hiyo anafika kila siku pale palipokuwa chumba chake cha kulala, na mafundi wameandika kwenye lango, kwa rangi, neno moja: SUMINA. Wageni hudhani wameandika jaa.

Nyuma ya ukuta bustani ipo. Wameweka mabenchi. Watoto wa shule hukaa pale kula mikate yao, wanane, kumi, na walimu wanashangaa kwamba hapo tu ndipo hawagombani. Hapajachimbwa hata shimo la mche.

Lakini Yaw hakutulia. Alizunguka kwa kila bibi kizee wa Adumkrom, mmoja mmoja. Jumatano ile, saa saba, uliingia uani kwangu? "Na goti hili?" akasema mmoja. "Mimi nguo nyeupe nimeiweka ya kuzikiwa, siivai," akasema mwingine. Wa tatu alimwambia aende akachote maji.

Na mimi nilipopita Adumkrom mara ya mwisho, akanivutia ndoo iliyogeuzwa nikae, akaniuliza kama anavyomwuliza kila mpita njia. Kwamba yule ni mama yake, hilo hakuuliza tena, alikwisha kulikubali. Aliniuliza hili: kule kucheka kwa nguvu ni kwetu sisi tuliobaki, ili wale wasijue kwamba tuliumia. Mama amekwisha kwenda waliko. Anakaa nao, anawaona. Sasa mbona bado alikuwa anacheka vile?